Hoteli, Meza na Heshima

Msafiri ana haja tatu afikapo ugenini: mahali pa kulala, chakula cha kula, na uso wa kumpokea. Haja mbili za kwanza huweza kununuliwa kwa fedha. Ya tatu haina bei, na ikitiwa bei hugeuka kuwa kitu kingine. Kwa sababu hiyo wahenga wetu hawakuhangaika sana na vitanda na sahani katika methali zao, walakini walihangaika na mgeni na mwenyeji. Walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza yaeleza baraka ya ugeni, na ya pili yaeleza mpaka wake. Katika insha hii nataka kutazama mji mmoja ambamo methali hizi mbili zilipinduliwa: mgeni alikuja, mwenyeji hakupona, siku ya tatu ilifika, na jembe akapewa mwenyeji. Mji huo ni Nairobi, na mahali nilipochagua kuutazamia ni katika hoteli zake na mabwalo yake ya kulia chakula wakati wa utawala wa walowezi.

Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa lugha ana shughuli gani na hoteli. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi yangu. Kiswahili cha bara la Kenya hakikukua shuleni peke yake. Sehemu yake kubwa ilikulia jikoni, shambani na mezani, baina ya mwenye kuamuru na mwenye kutii. Ya pili ni ya damu yangu. Babu yangu, mzaa baba, alihudumu katika bwalo la hoteli moja ya mji huo kwa miaka thelathini na mmoja, nami nimepewa jina lake.

Nianze na neno lenyewe. Kamusi zetu husema kwamba hoteli ni nyumba ambamo wasafiri hulala na kula kwa malipo. Maana hiyo ni sahihi, lakini si ya kwanza katika vinywa vya watu wengi. Mtu wa Afrika Mashariki akimwambia mwenziwe, "Twende hotelini," yule aliyeambiwa hafikirii kitanda. Afikiria chai ya maziwa, chapati, maharagwe, pengine karanga ya nyama na ugali. Akitaka kulala atauliza gesti au nyumba ya kulala wageni. Hivyo neno lililotoka Ulaya likiwa na kitanda ndani yake limefika kwetu likakiacha kitanda mlangoni likabaki na sahani. Mimi naliona badiliko hili kuwa la haki. Hoteli zenye vitanda na vitambaa vyeupe zilikuwa za watu wengine; watu wetu walichukua jina, wakalipeleka kwenye mabanda yenye benchi na birika, wakalipa maana waliyoweza kuimudu. Mtu aliyenyimwa nyumba alikwenda na jina lake.

Sasa tuutazame mji. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipoitwa kwa lugha ya Wamaasai kwa jina la maji baridi. Palikuwa tambarare yenye kinamasi, pakawa kambi ya mafundi, pakawa safu ya mabanda ya mabati na ya hema. Wageni waliposhuka garini walihitaji pa kulala kabla hawajajua waendako. Mwaka 1902 mwanamke mmoja aliyeitwa Mayence Bent alianza hoteli aliyoiita Stanley. Nyumba ile ya kwanza iliungua mwaka 1905, na baada ya kuhamahama hoteli mpya yenye jina lile ilifunguliwa mwaka 1913. Katika siku ya Krismasi ya mwaka 1904 ilifunguliwa hoteli ya Norfolk, yenye kuta za mawe na baraza ndefu ya mbele. Mwaka 1905 serikali ilihamisha makao yake makuu kutoka Mombasa kuja Nairobi, na mji ukajua kwamba utakaa. Mwishoni mwa mwaka 1913 klabu ya Muthaiga ilifungua milango yake kwa wachache, na mwaka 1928 Ewart Grogan alisimamisha hoteli ya Torr's katikati ya mji. Mwaka mmoja kabla yake, Abraham Block, aliyekuja nchini mwaka 1903 akiwa maskini, aliinunua Norfolk. Kwa muda wa kizazi kimoja kinamasi kilikuwa kimeota mabwalo yenye piano na bilauri za fuwele.

Ni kosa kudhani kwamba nyumba hizi zilikuwa za kula na kulala tu. Mlowezi aliyetoka Uingereza au Afrika Kusini alikaa hotelini akingoja kugawiwa shamba. Hapo alikutana na waliomtangulia, akaambiwa ardhi ipi ina maji na ipi ina mbung'o, akakopa fedha, akanunua ng'ombe, akapata habari za serikali kabla hazijachapishwa. Norfolk ilipewa jina la utani la Nyumba ya Malodi, kwa sababu ya makabaila waliokaa barazani mwake, Lord Delamere akiwa mashuhuri kuliko wote. Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Mambo mengi yaliyopitishwa baadaye katika baraza la kutunga sheria yalikuwa yamezungumzwa kwanza juu ya meza ya chakula, na wenye ardhi iliyozungumzwa walikuwamo chumbani, wamesimama nyuma ya viti, wameshika sahani.

Bwalo la hoteli za namna hii lilikuwa na adabu kali kama ya ibada. Gongo lilipigwa kabla ya chakula cha jioni ili watu wabadili nguo. Ilikuja supu, kisha samaki, kisha nyama ya kuoka, kisha pudini, kisha jibini na kahawa. Kila kimoja kilikuwa na chombo chake, na kila chombo kilikuwa na upande wake: uma kushoto, kisu kulia, makali ya kisu yakielekea sahani. Watumishi walivaa kanzu nyeupe iliyofuliwa na kupigwa pasi, mshipi mpana mwekundu au wa kijani kiunoni, na tarbushi kichwani. Miguu mara nyingi ilikuwa mitupu, ili hatua zisisikike.

Naomba tusimame kidogo kwenye kanzu hiyo. Katika pwani yetu kanzu ni vazi la mwanachuoni, la kadhi, la bwana harusi na la mtu yeyote aendaye msikitini siku ya Ijumaa. Tarbushi nayo ilikuwa pambo la watu wa makamo. Mavazi haya yalipandishwa bara kwa gari la moshi, yakavishwa watu wa Ukambani, wa Nyanza na wa Milima ya Nyandarua ambao wengi wao hawakuwa Waislamu wala watu wa pwani, na maana yake ikashushwa kutoka heshima hadi utumishi. Mzungu alitaka bwalo lake lifanane na Mashariki aliyoiona Uhindi na Misri. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa Nairobi wakati ule aliweza kuiona kanzu kwa mara ya kwanza mwilini mwa mtu anayeitwa kwa kupigiwa vidole. Vazi halina kinywa cha kujitetea. Lafuata mwili unaolivaa na amri inayoamuru mwili huo.

Ni nani aliyeweza kuketi? Jibu lilijulikana bila kuandikwa mlangoni. Mwafrika hakuketi, Mhindi hakuketi, hata akiwa na fedha za kuinunua meza yenyewe. Hapakuhitajika sheria moja yenye jina la ubaguzi wa chakula. Palikuwa na desturi, palikuwa na haki ya mwenye nyumba kumkataa amtakaye, palikuwa na sheria za vileo zilizomfunga Mwafrika, palikuwa na amri za kutotembea mjini usiku bila kibali. Tena tangu mwaka 1920 palikuwa na kipande, cheti cha alama za vidole alichotakiwa kuwa nacho kila mwanamume Mwafrika mtu mzima, ambacho wengi walikitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ukuta uliojengwa kwa desturi nyingi ndogo ni mgumu kuubomoa kuliko ukuta wa sheria moja kubwa, maana kila mlinzi wake aweza kusema kwamba yeye hakuujenga.

Walionyimwa kuketi huku waliketi kwingine. Wahindi walikuwa na vibanda vyao vya chai na vitafunio katika mtaa wa Bazaar, ambao leo waitwa Biashara. Waafrika walikula Pumwani, Pangani na River Road. Huko wanawake, wengi wao Waislamu waliokiongea Kiswahili kama lugha ya nyumbani, walipika uji, mandazi, wali na maharagwe, wakapangisha vyumba kwa watu waliotoka mbali kutafuta kazi. Mgeni alikaribishwa kwa "karibu" na akaondoka kwa "shukrani". Hapo ndipo hoteli kwa maana yetu ilipozaliwa. Haikuwa na gongo, lakini haja ya tatu ya msafiri, ule uso wa kumpokea, ilipatikana bila kuongezwa katika hesabu.

Katika mji mmoja, basi, palikuwa na meza mbili na Kiswahili cha namna mbili. Kile cha meza nyeupe wataalamu wamekiita Kisetla. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake ya kusanifisha tahajia na vitabu. Mwaka 1936, wakati kamati ikiendelea kupima vitabu kwa mizani ya Kiunguja, F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kuwafundisha walowezi, askari na wake zao Kiswahili cha bara, chepesi, cha kuwatosha kwa kazi. Serikali ilikuwa na Kiswahili chake cha kitabuni, na walowezi walikuwa na chao cha mezani.

Watu hucheka Kisetla kwa sababu kinavunja ngeli. Mimi sioni kwamba kuvunja ngeli ndilo kosa lake kubwa. Lugha nyingi za biashara hupunguza upatanisho wa kisarufi, na watu wa bara wenyewe huupunguza bila kumdharau mtu. Jambo zito limo katika kitenzi. Chukua kitenzi leta. Amri yake ni lete: "Lete maji." Katika maneno hayo mawili hamna mtu. Aletaye hakutajwa, aletewaye hakutajwa. Yametajwa maji tu. Sasa chukua namna asemavyo mtu wa Lamu, wa Unguja au wa Pumwani anapomwomba mtoto wa jirani: "Niletee maji," au "Naomba uniletee maji." Katika niletee yumo mwenye haja, na katika uniletee wamo wawili, mwenye kuomba na mwenye kuombwa, wamefungamana ndani ya neno moja. Kitenzi cha Kiswahili ni nyumba yenye vyumba vya watu. Kisetla kilichukua nyumba hiyo kikawatoa watu wote, kikabakiza mlango. Hali ya kuomba na kutaraji, ambayo kwayo twasema "ulete", "tafadhali uondoe", "uningoje", haikuhitajika mezani. Mezani zilitosha lete, ondoa, ngoja, upesi na bado.

Kisha likaja neno boi. Kwa Kiingereza ni mtoto wa kiume. Kwa Kiswahili cha Nairobi likawa jina la kazi, likapewa wingi wake wa maboi, likaingia katika kamusi kwa maana ya mtumishi wa nyumbani. Mwenye kulibeba aliweza kuwa na miaka kumi na minane au sitini, wajukuu watano au kumi. Lugha yetu ina utajiri wa kumtaja mtu kwa umri wake: mtoto, kijana, mtu mzima, mzee, ajuza, shaibu. Neno boi lilifuta ngazi hizo zote kwa sauti moja. Nimewasikia wanafunzi wakisema ni neno la mkopo kama meza na sahani. Si sawa. Meza na sahani zilikuja na vitu vyao. Boi lilikuja kuchukua nafasi ya maneno tuliyokuwa nayo.

Hoteli hizi zina mahali pao pia katika historia ya damu. Mnamo Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyepinga kodi, kipande na kazi za shuruti za wanawake. Tarehe 16 umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alimozuiwa, si mbali na Norfolk. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume kwa woga wao na kuwasukuma mbele, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti ishirini na moja. Mashahidi wengine walihesabu zaidi. Imesimuliwa na wengi, tangu siku zile, kwamba baadhi ya walowezi waliokuwa katika baraza ya hoteli nao walipiga bunduki. Baraza ile ya kunywea chai ilitazamana na mauti, na chai iliendelea kunywewa mji ulipotulia. Leo hoteli ile ingali ipo, nayo anwani yake ni Barabara ya Harry Thuku. Kila bahasha inayoandikwa kwenda kwake hutanguliza jina la mfungwa yule. Sijui malipo ya historia yaliyo ya kimya kuliko hayo.

Nimesema kwamba babu yangu alihudumu mezani. Alitoka Machakos katika miaka ya 1930 akiwa kijana, akaanza kwa kuosha sufuria, akapandishwa kuosha bilauri, kisha kubeba trei, na hatimaye kusimamia meza sita. Jina la hoteli silitaji, kwa kuwa habari zake zingeweza kuwa za hoteli yoyote. Alikuwa na ujuzi wa kweli, na ujuzi huo haukupungua kwa sababu waliofaidi hawakuuheshimu. Aliweza kubeba sahani nne za supu bila kuitikisa. Alijua kwa kumtazama mgeni usoni kama amegombana na mkewe, kama ameuza ng'ombe, kama atalipa mwisho wa mwezi. Alikunja kitambaa cha meza kwa namna kumi na mbili. Mwezi Aprili 1954, serikali ilipowakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi katika msako mkubwa wa siku za hali ya hatari, watatu kati ya wenzake wa mezani hawakuonekana tena kazini. Meza zake zikawa kumi. Hakuna mgeni aliyeuliza walikokwenda wale watatu. Waliuliza kwa nini supu imechelewa.

Nyumbani kijijini alikuwa mtu mwingine. Aliketi kwenye kigoda, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumwamuru mwenziwe kwa kitenzi kikavu mbele yake. Mtoto aliyesema "Lete chumvi" alirudishwa aseme upya. Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ni ukali wa wazee. Nilipokuja kusoma sarufi niliona kwamba mzee yule, ambaye hakupata kuingia darasani, alikuwa akitufundisha hali ya kitenzi aliyonyimwa yeye miaka thelathini na mmoja. Baba yangu kwa upande wake aliichukia kazi ile. Alisoma kwa karo iliyotokana na bahashishi za mezani, akawa karani, na mpaka kufa kwake hakuingia kula katika hoteli yoyote yenye kitambaa cheupe. Alisema chakula cha namna hiyo kina mkono wa baba yake ndani yake.

Babu alipofariki aliacha kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kipande chake, vifungo viwili vya shaba, na barua moja ya Kiingereza aliyoandikiwa na meneja alipostaafu. Barua kama hizo zilikuwa mali. Mtumishi alizitembeza kutoka mlango hadi mlango, aghalabu bila kuweza kuzisoma, akimwamini mwandishi kama mgonjwa anavyomwamini mganga. Jioni nyingi babu alimpa baba yangu barua ile amsomee na kuitafsiri mbele ya wageni, na baba akasoma kwamba mwenye barua hii aijua kazi yake kuliko wote, kwamba hoteli imepata hasara kumpoteza, na kwamba amwajirie yeyote apendaye heshima.

Miaka kadhaa baada ya baba naye kufariki, shangazi yangu mkubwa alinitolea kopo lile. Kwa kuwa nimebeba jina la babu, yeye huniita baba, kama ilivyo desturi yetu, nami humwitikia kwa unyenyekevu wa mwana. Akaniambia, "Baba, nisomee barua hii. Ndugu yangu aliisoma kwa mdomo wake. Wewe nisomee kwa mdomo wa karatasi."

Niliisoma kwanza kimya. Ilikuwa na mistari mitano. Ilisema kwamba boi huyu ni mwaminifu, msafi, na halewi. Kwamba si mwepesi wa kuelewa, lakini akisimamiwa vema hufaa. Na kwamba kwa mtu wa kabila lake si mbaya. Hakuna neno la hasara, wala la heshima. Nilikuwa nimefundisha tafsiri kwa miaka mingi kufikia siku ile. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba mfasiri ana deni kwa mwandishi na deni kwa msomaji, na kwamba madeni hayo yakigombana ni lazima achague. Sasa madeni yalikuwa matatu, maana marehemu wawili walikuwa nao wameketi pale: mmoja aliyeandikwa katika barua, na mmoja aliyeitafsiri kwa namna yake. Nikimwambia shangazi kweli nitamfanya ndugu yake mwongo na baba yake mjinga. Nikimficha nitakuwa nimemtendea kama alivyotendewa babu, mtu anayeshikishwa karatasi asiyoruhusiwa kuijua. Alikuwa ameniomba mdomo wa karatasi. Nikamsomea kama ilivyo, neno kwa neno, pamoja na neno boi.

Alinyamaza kwa muda, kisha akacheka. "Nilijua," akasema, "na marehemu naye alijua. Mtu aliyesimama nyuma ya viti miaka yote hiyo atakosaje kujua anavyosemwa? Tena, baba, kila mwaka sifa ziliongezeka. Mwaka wa kwanza ndugu yangu alisoma dakika moja. Mwaka wa tano alisoma mpaka chai ikapoa. Karatasi huzaa maneno? Mzee hakuwa akisikiliza Mzungu alisema nini. Alikuwa akisikiliza mwanawe atasema nini."

Nimelitafakari jibu lile mara nyingi. Wasomi wa siku hizi hupenda kuuliza ni nani aliyemilikiwa na ni nani aliyepinga. Babu yangu hakupiga bomu wala hakuandika hati ya malalamiko. Aliibeba barua ya dharau hadi nyumbani kwake akaigeuza kuwa mahali ambapo mwanawe angeweza kumwambia, mbele ya watu, maneno ambayo wanaume wa kwetu hawaambiani hivi hivi. Sisemi kwamba jambo hilo lafuta dharau. Dharau ilibaki imeandikwa, nami ninayo. Nasema kwamba mwandishi wa barua alidhani ametoa hukumu, kumbe alikuwa ametoa karatasi tu.

Milango ilifunguka polepole. Mwaka 1946 ilianzishwa United Kenya Club, ambamo watu wa rangi zote waliweza kula pamoja. Ilikuwa meza ndogo katika mji mkubwa, lakini ilikuwa meza. Katika miaka ya 1950, hata vita vya msituni vilipokuwa vikiendelea, hoteli moja moja zilianza kuwakubali wageni wasio Wazungu, kwanza wachache mashuhuri, kisha wengine. Mwaka 1959 New Stanley ilifungua mkahawa wake wa Thorn Tree chini ya mgunga, wasafiri wakaacha barua zao kwenye shina lake. Desemba 12, 1963 bendera ilibadilika. Babu yangu aliwahudumia mawaziri wapya katika bwalo lile lile kwa muda mfupi kabla ya kustaafu. Alituambia kwamba wengine kati yao walimwita mzee, na wengine, kwa kutaka kuonyesha kwamba wameijua meza, walimpigia vidole. Uhuru ulibadili waliokaa upesi kuliko ulivyobadili namna ya kuita.

Siku hizi hoteli kongwe za Nairobi hutangaza ukongwe wao, na watu huulipia. Majina ya malodi na wawindaji huelezwa, samani za zamani hung'arishwa. Sina ugomvi na uhifadhi; nchi isiyohifadhi kuta zake husahau hata waliozijenga. Lakini katika picha ya bwalo niliyopata kuiona ukutani mwa hoteli moja, walioketi walikuwa na majina chini yao, kutoka kushoto hadi kulia, na waliosimama nyuma kwa kanzu hawakuwa na hata moja. Majina hayo yalikuwapo. Yaliandikwa katika vipande, katika daftari za mishahara, katika makopo ya biskuti. Kuyarejesha kunahitaji kazi ya watu wenye subira na wenye lugha.

Kazi hiyo naiona kuwa yetu, wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kabla ya kuwa ya watu wa utalii. Wamebakia wazee wachache waliofanya kazi katika mabwalo yale walipokuwa vijana, na wamebakia watoto wao wengi. Wana maneno ya ufundi wao ambayo kamusi zetu hazina: majina ya mikunjo ya vitambaa, ya aina za trei, ya wageni wabahili na wageni wema, lugha ya macho waliyoitumia kusemezana juu ya vichwa vya waliokula. Tukikusanya Kisetla tu, tutakuwa tumehifadhi upande mmoja wa mazungumzo, upande wa lete na ondoa. Upande wa pili ulisemwa jikoni, baada ya mlango kufungwa, kwa Kiswahili chenye watu ndani yake.

Nalirudia neno hoteli kwa kumalizia, kwa sababu ndilo lililonipeleka safari hii yote. Watu wa kawaida walilitwaa, wakaliweka juu ya kibanda cha chai, na hawakuomba ruhusa kwa kamati yoyote. Ndani ya kibanda hicho leo waziri aweza kuketi karibu na mchukuzi, na mwenye njaa husema, "Mama, nisaidie chai na chapati mbili." Nisaidie si neno la adabu tupu. Lina mtu anayehitaji na mtu anayeweza, na halimwambii yeyote kati yao kwamba yeye ni mdogo. Lugha inayojua kuagiza chai namna hiyo haina upungufu wa heshima. Upungufu ukiwapo utakuwa ni wetu sisi tunaoisema.